BAADA YA DURUSI, TUANZE KITU



Ndugu zetu wanafunzi, wazazi wetu wapenzi na walimu wetu watukufu, katika ukurasa huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo halimo katika ratiba yoyote, si ya skuli wala ya madrasa. Nalo ni ile kazi ndogo ambayo mtu hujianzishia mwenyewe, bila ya kuamrishwa na mwalimu na bila ya kungojea mtihani.

Siku zetu zinajulikana. Asubuhi skuli, alasiri madrasa, usiku kudurusu. Ukituuliza tunasoma nini, tutataja tulichopangiwa. Ukituuliza ni kipi tulichokitafuta wenyewe, wengi wetu tutanyamaza. Na ule wakati mdogo unaobaki, simu inauchukua wote. Khatari yake ni kuwa siku tutakapohitimu na ratiba ikaondoka, hatutajua pa kuanzia, kwa sababu hatukuwahi kuanza kitu.

Wazee wetu wana hoja yao, na si vyema kuipuuza. Husema: mshika mbili, moja humponyoka. Wanaogopa mtoto ataacha kitabu akimbilie michezo. Lakini sisi tunaona kuwa methali hii inamuonya mwenye pupa, anayetaka makubwa mawili kwa mara moja. Haimkatazi aliyeshika moja kwa nguvu na la pili kwa kipimo.

Tuwatazame waliotutangulia. Imamu Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo katika mji wa Kufa, na biashara haikumzuia kuwa imamu wa fiqhi. Hapa kwetu pwani, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) alikuwa mwanachuoni mwenye kusomesha. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo, As-Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha jengine, Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Makala zake baadaye zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Je, gazeti lilimponyosha elimu yake? Mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Naye Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar (1912–1982) alikuwa mwalimu wa skuli. Tafsiri yake kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1969, na juu ya hayo akaandika historia ya wanavyuoni wa Afrika Mashariki.

Mtu atasema: hao ni masheikh wakubwa, sisi ni watoto, na fedha hatuna. Basi tutoe mfano usiohitaji fedha. Chukua daftari na kalamu. Tangu mwezi unapoandama, andika kila usiku umeuona upande gani na umetua saa ngapi. Utaona kuwa kila siku unachelewa kutua kwa kadiri ya dakika 50. Utakapofika mwezi mwandamo mwengine, utafahamu kwa macho yako kwa nini mwezi mchanga ni mgumu kuonekana: hutua muda mfupi tu baada ya jua. Watu watakapobishana juu ya kuanza Ramadhani, wewe utakuwa na la kusema kwa ilimu. Na hayo yote kwa daftari moja.

Mwengine atashona kofia. Mwengine atapanda mchicha nyuma ya nyumba, au atafuga kuku watatu na kuandika hesabu ya mayai na ya chakula chao. Mwengine atajifunza khati, au atamuuliza bibi yake majina ya zamani ya samaki na kuyaandika kabla hayajapotea. Faida haiko katika kofia wala mayai peke yake. Anayeharibu mshono, akaufumua na kushona upya, anajifunza subira ambayo hakuna anayeweza kumsomea ubaoni.

Hata hivyo, kuna masharti. Kwanza, kazi isile wakati wa sala wala wa durusi. Pili, ianze ndogo: nusu saa kwa siku inatosha, kwani haba na haba hujaza kibaba. Tatu, anayeanza amalize. Aliyeanza mambo kumi na kuyaacha yote hakujifunza ila kuacha. Ikiwa jambo halikufai, lifikishe kwanza mahali pa kusimama, kisha uende kwa jengine.

Kwenu wazazi wetu, tuna ombi moja kwa adabu. Mtoto akija na kitambaa, au redio mbovu anayotaka kuifungua, msikimbilie kumwambia anapoteza wakati. Muulizeni ataimaliza lini, kisha mumfuatilie siku hiyo ikifika. Suali hilo litamjenga kuliko kukatazwa, na kuliko sifa pia.

Nanyi wanafunzi wenzetu, likizo inakaribia. Kila mmoja wetu achague jambo moja tu, na madrasa itakapofunguliwa tuulizane: wewe ulianza nini, na umefika wapi?

Mwenyezi Mungu atutilie baraka katika wakati wetu na atujaalie kuwa wenye kumaliza tulichokianza. Amin.