MTUNGO WA SAMAKI SI KUNDI LA SAMAKI

Mzee mmoja, mvuvi wa kisiwa cha Pemba, ametuletea daftari la mjukuu wake aliyeko darasa la tano. Ndani ya daftari hilo limo jaribio la somo la Kiingereza lenye maswali 20. Mtoto alitakiwa aandike jina la kundi la simba, la kunguru, la bundi, la samaki na la viumbe wengineo. Alipata alama 4. Palipoulizwa kunguru, aliandika neno ambalo Waingereza wenyewe hulitumia kila siku kwa kundi la ndege, naye akapewa kosa kwa wino mwekundu. Jawabu iliyotakiwa, iliyoandikwa pembeni kwa mkono wa mwalimu, ni neno ambalo maana yake kwa Kiswahili ni “mauaji”.

Mzee huyo hakuja kulalamikia alama. Alitueleza kwamba jioni ya siku ileile alirudi pwani na changu wanne aliowatunga kwa ukuti, akamwuliza mjukuu wake kitu kile kinaitwaje. Mtoto akafikiri kidogo, akajibu: “Kundi la samaki, babu.” Hapo, alisema mzee, ndipo alipoona kwamba kuna jambo linapotea nyumbani mwake, na kwamba si jambo la alama.

Sisi tunaona kwamba mzee huyo ana haki, na kwamba jambo lake si lake peke yake. Kwa hiyo tumelifanya kuwa maoni yetu ya leo.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe ya Kiingereza, maana si haki kukilaumu kitu kabla ya kukijua asili yake. Katika lugha hiyo, simba wengi pamoja huitwa kwa neno la “fahari” au “kiburi”, kunguru huitwa “mauaji”, na bundi huitwa “bunge”. Samaki nao, kwa neno lilelile tulilolichukua sisi kuitia mahali pa kusomea, huitwa “skuli”. Mtoto akisikia haya hucheka, na ana haki ya kucheka. Lakini ni nani aliyemweleza kwamba skuli ya samaki na skuli ya wanafunzi ni maneno mawili mbalimbali yaliyofanana kwa bahati tu? Lile la samaki lilitoka katika lugha ya Kiholanzi, nalo lilikuwa na maana ya kundi tangu hapo. Hakuna samaki aliyepata kusoma.

Sehemu kubwa ya majina haya imetoka katika kitabu kimoja kilichopigwa chapa mwaka 1486 katika mji wa St Albans, Uingereza. Kilikuwa kitabu cha mabwana wakubwa, kinachofundisha kuwinda, kufuga vipanga wa kuwindia, na kuzitambua alama za koo za kitukufu. Ndani yake mliwekwa orodha ndefu ya majina ya makundi, zaidi ya 150, ili kijana wa nyumba kubwa ayahifadhi na asije akaaibika mbele ya wenzake. Hata mwaka 1906 mwandishi Arthur Conan Doyle, katika riwaya yake iitwayo Sir Nigel, alimwonyesha bwana mmoja mzee akimfundisha kijana majina hayo, kana kwamba kutoyajua ni upungufu wa malezi. Hii ndiyo asili ya jambo. Maneno haya hayakuzaliwa kwa mkulima wa Uingereza, wala kwa mvuvi wake, wala kwa mwashi wake. Yalikuwa ni alama ya kumtenga bwana na mtwana.

Tena mengi yalikuwa ni mzaha. Orodha ile ile haikuishia kwa wanyama na ndege; iliwataja na watu. Mawakili wengi pamoja waliitwa “ufasaha”, mahakimu wakaitwa “hukumu”, watawa wa kike wakaitwa “ziada”, na wake za watu wakaitwa “kukosa subira”. Hakuna Mwingereza aendaye sokoni leo anayesema hivyo. Mzaha huo umeendelea hata zama zetu. Lile “bunge la bundi” halimo katika orodha ya mwaka 1486. Lilienea baada ya mwandishi C. S. Lewis kulifanya kichwa cha sura moja katika kitabu chake cha watoto cha mwaka 1953. Na mwaka 1968 Mmarekani James Lipton alikusanya majina ya namna hii katika kitabu, akaongeza na mengine ya kubuni mwenyewe kwa furaha yake.

Sisi hatuna ugomvi na mzaha wa watu. Kila kaumu ina michezo ya ulimi wake, na sisi tuna vitendawili vyetu. Tunalolikataa ni kuuchukua mchezo wa baraza la mabwana wa karne ya 15, ukaletwa mpaka darasa la tano katika visiwa hivi, ukageuzwa kuwa kipimo cha akili ya mtoto wa mvuvi. Mtoto huyo ana haja ya Kiingereza. Masomo ya sekondari atafundishwa kwa lugha hiyo, na mtihani ataufanya kwa lugha hiyo. Basi afundishwe neno la kundi la ng'ombe, la kundi la ndege, la timu ya wachezaji, la mabaharia wa chombo kimoja, la vyombo vingi vinavyosafiri pamoja. Hayo ni maneno ya kazi, nayo yatamfaa. “Mauaji ya kunguru” yatamfaa wapi?

Kunguru wenyewe tunawajua. Kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, wakazaana, na hata leo wanawasumbua wafugaji wa kuku kwa kula vifaranga na mayai. Mwenye kuku wa Unguja hahitaji kufundishwa kwa orodha ya mwaka 1486 kwamba kunguru ni muuaji.

Sasa tugeukie upande wetu, ambako ndiko kwenye uchungu.

Kiswahili kina majina ya makundi, tena si machache, na karibu kila moja limezaliwa na kazi. Mkungu wa ndizi hugawika chane, na chane hugawika ndizi mojamoja. Mkulima akisema chane tatu, mnunuzi anajua anachokipata. Tuna kole la nazi, kichala cha embe, tita la kuni, mganda wa mpunga, bumba la nyuki, biwi la taka. Tuna doti ya khanga na jozi ya viatu, na tofauti ya viwili hivyo haimpotei mwanamke yeyote wa visiwa hivi. Tuna korja, ambayo ni vitu 20 kamili, neno lililokuja na biashara ya bahari likakaa. Tuna fungu la dagaa, ambalo halina mizani wala jiwe, lakini muuzaji na mnunuzi wote wawili hulitambua kwa macho, na akipunguza mmoja mwenziwe husema.

Na tuna mtungo. Neno hili latokana na kutunga, ambako ndiko kutunga ushanga, kutunga shairi na kutunga sheria. Asemaye mtungo wa samaki amekwisha kueleza kwamba samaki hao wamevuliwa, kwamba mkono wa mtu umepitisha ukuti katika mashavu yao, na kwamba wanachukuliwa nyumbani au sokoni. Asemaye kundi la samaki anawazungumzia walio hai baharini, wanaokwenda pamoja. Kati ya kundi na mtungo iko kazi nzima ya mvuvi: ngalawa, nyavu, usiku na baridi. Mtoto anayewaita samaki wa kwenye ukuti kundi amepoteza zaidi ya neno moja. Ameipoteza kazi ya babu yake.

Hata upande wa dini, mtoto wa visiwa hivi hufika skuli akiwa tayari ameonja elimu hii. Chuoni, miongoni mwa sura fupi anazozihifadhi mapema, imo sura ya 105, Al-Fil, na ndani yake mna neno ababil, ambalo wafasiri wengi husema ni ndege wajao makundi kwa makundi wakifuatana. Akikua atakutana na sura ya 39, Az-Zumar, ambayo jina lake maana yake ni makundi. Lugha ya Kiarabu ndiyo iliyotupa pia kaumu, jamii, umma na jeshi. Wazee wetu waliyapokea maneno hayo kwa sababu walikuwa na haja nayo, wakayatia katika ulimi wao, wakayatumia. Hawakuyapokea ili wachekane.

Tunapenda hapa tuwaambie jambo viongozi na watendaji wa serikali, maana lawama isiishie kwa mwalimu. Tazameni taarifa zenu. Watu ni kundi, magari ni kundi, samaki ni kundi, malalamiko ni kundi. Mahali pa msafara, msururu, kikosi, jopo, umati na halaiki, limewekwa neno moja tu, kama mpishi mwenye kiungo kimoja kwa kila chakula. Mtoto husoma na kusikia yanayotoka ofisini, naye huiga. Mwalimu atamfundishaje mtungo ikiwa afisa wa samaki mwenyewe ameusahau?

Tena jina la kundi la watu ni hukumu. Waingereza wa mwaka 1486 walilijua hilo walipowaita wake za watu “kukosa subira”. Sisi tulilijua kwa njia nyingine. Mwezi wa Julai 1951 wakulima wa Kiembesamaki na jirani zake waligoma kutii amri za kuchanja na kuogesha ng'ombe wao, na risasi za polisi zikawaua watu. Watawala wa kikoloni waliandika kwamba ni ghasia. Wananchi waliuita Vita vya Ng'ombe, na ndivyo vinavyoitwa mpaka leo. Watu ni walewale. Kwa mmoja wao ni genge la wafanya fujo, kwa mwingine ni wakulima waliotetea mali yao. Kwa hiyo mtendaji anapoandika leo “genge la vijana” juu ya vijana wanaouza matunda kando ya njia, na azingatie kwamba genge, likitajwa kwa watu, masikioni mwa wengi ni la wezi. Wapo wanaostahili kuitwa hivyo. Lakini wanaotafuta riziki ya halali ni kikundi, au ni wafanyabiashara wadogo, na kuwaita vinginevyo ni kuwahukumu kabla ya kuwasikiliza.

Yapo mambo matatu ambayo tunayaomba, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza, wanaotunga mitihani na majaribio ya Kiingereza katika skuli za msingi waache kuuliza majina ya mzaha, na waulize yale yanayotumika. Mtoto aliyeandika jawabu sahihi ya kila siku asipewe kosa kwa kutojua ya mabwana.

La pili, Baraza la Kiswahili la Zanzibar lishirikiane na walimu kuyakusanya majina ya makundi yaliyomo vinywani mwa wavuvi, wachumaji wa karafuu, wasusi wa ukili na wauzaji wa masoko ya Unguja na Pemba, pamoja na visiwa vidogo. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ni aibu basi kwa wenye chimbuko hilo kuliacha likauke. Wanafunzi wenyewe watumwe kwa babu na bibi zao na madaftari yao. Hiyo ndiyo kazi ya nyumbani iliyo bora.

La tatu, kila ofisi ya serikali, kabla ya kuandika “kundi”, ijiulize kama halipo neno lililo sawa zaidi.

Kunao watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba visiwa hivi vina shida ya maji, ya hospitali na ya ajira. Shida hizo tunazijua, na tumezisema katika ukurasa huu, na tutazisema tena. Lakini mtu huzieleza shida zake kwa maneno. Mvuvi asiyekuwa na majina ya vitu vyake atayaeleza madai yake kwa majina ya wengine, na atajibiwa kwa hayo hayo. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa.

Daftari tumemrudishia mzee. Alituaga kwa kusema kwamba siku ya mapumziko, skuli zikiwa zimefungwa, atamchukua mjukuu wake pwani akamfundishe kutunga samaki kwa mkono wake mwenyewe, ili neno alipate pamoja na kazi yake. Tunamwombea mafanikio. Na tungefurahi sana mwalimu wa darasa la tano naye akialikwa.