Watoto wa Goma waufahamu ufalme wa Idjwi

Ndugu zangu wa Goma, walimu, wazazi, na ninyi vijana wa vyuo vya ISP na UNIGOM,

Mananasi ya kisiwa cha Idjwi tunayala sana. Mashua zikishusha mzigo pale Kituku tunabishana bei na wamama wauzaji, tunalipa, tunapanda kwenda nyumbani. Lakini muulize mtoto wa darasa la sita nani alitawala kisiwa hicho kabla ya Mzungu. Atakutajia Stanley na Leopold wa Pili, pengine na ufalme wa Kongo uliokuwa mbali kule magharibi. Mwendanga hamjui.

Mwendanga ni mwami (mfalme) wa ukoo wa Basibula aliyesimamisha ufalme wa Idjwi mwanzoni mwa karne ya 19. Mwanawe Kabego alimrithi, akatawala hadi alipouawa katika vita vya Rwabugiri, mwami wa Rwanda. Rwabugiri alipofariki mwaka 1895, Basibula walirudia kiti chao. Halafu Wajerumani na Wabelgiji wakaligombania ziwa letu hili, na mapatano ya 1910 yakakiacha kisiwa upande wa Kongo. Haya hayakutokea ng'ambo ya bahari. Yametokea katika maji tunayochota kila asubuhi.

Hata hivyo majina ya wafalme peke yake hayatoshi. Utamu wa historia ya Idjwi uko kwa watu wake. Walivuka kutoka pande zote za ziwa, magharibi na mashariki, wakawakuta wenzao waliotangulia. Mtafiti David Newbury alikaa kisiwani miaka ya 1970 akiwasikiliza wazee, na katika kitabu chake Kings and Clans, kilichotoka 1991, anaonyesha kwamba koo za Idjwi hazikufika zikiwa zimeshakamilika. Zilijengeka pamoja na ufalme wenyewe, watu wakijipanga upya kadiri walivyoishi pamoja. Chukueni Muganuro, sherehe ya mavuno ya kwanza: koo mbalimbali zilikuwa na kazi zake, kila moja na dhamana yake, na bila hizo mwami hakuweza kuitimiza. Mimi sioni somo linalohitajika zaidi katika mji huu, ambamo mtoto anaanza mapema kuulizwa kwao ni wapi, na jibu lake linaweza kumponza.

Kitabu hicho ni cha Kiingereza, wachache kati yetu wanaweza kukisoma. Wazee waliomsimulia Newbury walikuwa na umri mkubwa tayari. Wengi wametutoka, na waliowarithi nao wanazeeka.

Najua mtaniambia vita, mtaniambia pesa haipatikani, mtaniambia mwalimu mwenyewe hajala. Ni kweli tupu. Lakini kazi ninayoomba haihitaji mfadhili. Wana wa Idjwi mnaoishi Himbi, Keshero, Majengo na kwingineko, mwendeeni mkurugenzi wa shule iliyo jirani, mumwombe saa moja ya kuzungumza na wanafunzi. Wanafunzi wa historia, kaeni na wazee wa Kihavu wa Idjwi, mkubaliane nao kwanza, mrekodi kwa simu, kisha mwandike kwa Kiswahili chepesi ambacho mtoto wa darasa la nne atakielewa. Sheria ya elimu ya 2014 imezipa lugha zetu za taifa nafasi darasani, basi tuitumie. Na msiwasahau Bambuti wa kisiwani. Mara nyingi wao hawaulizwi kabisa. Ndugu wa redio, tupeni nusu saa kwa juma, jioni, wakati familia ziko nyumbani. Wazazi, changeni karatasi na fotokopi.

Kila shule ichague mwalimu mmoja wa kupokea masimulizi na kuyatunza. Majina ya walimu hao yapatikane kabla muhula huu haujaisha, ili muhula ujao watoto waanze na Mwendanga.