Nyama ya Msafiri Isivuke Mpaka

Wasafiri wanaozuru Ulaya kwa magari yenye jiko na kitanda hulalamika kwamba maafisa wa mpakani huwanyang'anya nyama na jibini walizozinunua kihalali. Malalamiko hayo nayaelewa, lakini siyaungi mkono.

Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulizuka Uingereza, na mifugo zaidi ya milioni 6 ikauawa. Wachunguzi waliona kuwa yamkini virusi viliingia kwa nyama ya magendo, iliyowafikia nguruwe ndani ya makombo yasiyochemshwa. Kwa hiyo, ugonjwa huo ulipozuka Ujerumani, Hungaria na Slovakia mwaka 2025, Uingereza ilipiga marufuku wasafiri kuingia na nyama au maziwa kutoka Umoja wa Ulaya, hata vikiwa vimefungwa dukani.

Sisi tunaotegemea ng'ombe na mbuzi twaijua hasara ya soko la mifugo kufungwa kwa karantini. Kipande cha jibini hakilingani na zizi zima.

Hata hivyo, serikali ziitangaze sheria mahali tiketi za feri zinapouzwa, si kumvizia msafiri langoni. Naye msafiri na ale alichonacho kabla ya kuvuka, kisha anunue kingine ng'ambo.