Tungule za Mitaboni na Hukumu ya Mbegu

Sisi watu wa pwani huijua tungule pale inapofika sokoni. Twaibinya kwa kidole, twauliza bei, twalalamika, kisha twanunua. Ni wachache kati yetu wanaojiuliza ni nani aliyeichagua ipandwe, na kwa nini tungule za siku hizi zina ngozi ngumu na maji haba, hata mchuzi wa samaki hautengenei mpaka utiwe nyanya ya mkebe. Mimi nami sikujiuliza mpaka nilipofika Mitaboni.

Mitaboni iko Kathiani, Machakos, upande wa vilima vya Iveti. Nilisali Adhuhuri mjini Machakos, kisha nikapanda matatu. Njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye yale matuta ambayo Wakamba wameyachimba mabondeni na vilimani kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Aina moja ya matuta hayo huitwa "fanya juu", kwa sababu udongo unaotoka mferejini hurushwa upande wa juu. Jina hilo la Kiswahili limeingia hata katika vitabu vya wataalamu wa Ulaya, jambo ambalo sisi wenye lugha hatujalifanyia sherehe.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mzazi wa rafiki niliyefanya naye kazi Mombasa. Nilimkuta barazani akitayarisha mbegu za msimu. Upande mmoja palikuwa na paketi za dukani zenye picha za kupendeza. Upande wa pili palikuwa na vibuyu vyenye kunde na mbaazi zilizochanganywa na majivu zisiliwe na wadudu, na kipande cha gazeti kuukuu kilichogandiwa na mbegu za nyanya.

"Hizi za paketi ni za lori," aliniambia. "Hizi nyingine, mwanangu, ni za chungu."

Nilimwomba anieleze, akanieleza vizuri kuliko mabwana shamba wengi. Cal J ni mche mfupi, haudai kuegemezwa kwa miti mirefu, na matunda yake huiva kwa pamoja. Rio Grande ni ndefu kidogo, ngumu, na hustahimili kurundikwa katika masanduku. Hizo ndizo wachuuzi wazitakazo, kwa kuwa barabara ni mbaya na safari ni ndefu. Moneymaker ni mviringo, ina maji na ladha, lakini mche wake hurefuka na kutaka miti, na tunda likitupwa ndani ya lori hufika limekuwa uji. Basi mkulima hachagui kwa ulimi wake wala kwa ulimi wetu sisi walaji. Huchagua kwa ajili ya safari. Hiyo ndiyo siri ya ngozi ngumu.

Aina hizo tatu ukizitunza mbegu, mwakani zitazaa mfano wa mama yao. Lakini siku hizi duka limejaa chotara, zile zinazoandikwa F1, kama Anna na Kilele. Chotara huzaa sana, na nyingine hustahimili maradhi fulani. Walakini ukitunza mbegu zake, watoto hutawanyika: huyu mkubwa, yule mdogo, wa tatu hana faida. Kwa hiyo kila msimu mkulima hurudi dukani. Kizuizi hicho hakikuwekwa na sheria yoyote, ni maumbile ya chotara yenyewe, na anayemuuzia mkulima apaswa kumweleza hivyo kabla ya kupokea fedha zake. Wala paketi si kinga ya kila balaa. Tangu mwaka 2014 Kenya imeingiliwa na nondo mdogo kutoka Amerika ya Kusini, ambaye wakulima wa Tanzania humwita kantangaze. Viwavi wake huchimba jani na kutoboa tunda, na hawaulizi mbegu ilinunuliwa kwa bei gani.

Lililonifanya niandike habari hii katika ukurasa wa utamaduni, badala ya kuwaachia watu wa kilimo, ni lile gazeti kuukuu lenye mbegu. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ilirekebishwa mwaka 2012. Baada ya hapo, mtu aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa wala kuthibitishwa aliweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 1, au kufungwa hadi miaka 2, au yote mawili. Fikiri, msomaji: kibuyu cha bibi yako kiwe ushahidi wa polisi! Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda Mahakama Kuu kuipinga. Tarehe 27 Novemba 2025 Jaji Rhoda Rutto aliamua kwamba vifungu vilivyowaadhibu wakulima kwa jambo hilo vinakwenda kinyume cha Katiba. Na kweli Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, inalitaka Bunge lilinde umiliki wa mbegu za asili na matumizi yake kwa jamii.

Mama yule hakuwa amesoma hukumu hiyo, aliisikia redioni. "Zamani hizo," alisema, "nikimpa jirani mbegu kwa shilingi kumi, natazama nyuma kwanza." Alicheka, lakini mimi sikuona la kuchekesha.

Watetezi wa sheria husema ilikusudiwa kumlinda mkulima na mbegu bandia. Sitawakejeli. Mimi mwenyewe nilipata kununua paketi ya mchicha katika duka moja, nikapanda, nikamwagilia wiki tatu, nikavuna magugu. Matapeli wapo, na ukaguzi wa biashara yahitajika. Lakini tapeli anayechapisha paketi za uongo na mama anayempa mkwewe kunde za ukoo si watu wa kesi moja, na sheria iliyowatia katika kapu moja ilikosea. Nasi tusilale: juu ya Mahakama Kuu iko Mahakama ya Rufaa, na Bunge laweza kuandika upya.

Huenda msomaji wa Malindi au Lamu akasema hayo ni ya bara. Je, zile mbaazi za nazi tunazofungulia kinywa kwa mahamri zatoka wapi? Nyingi zatoka Ukambani, na mbegu zake zimepita kibuyu hadi kibuyu, kutoka kwa mama hadi kwa mkaza mwana. Tumesikia mara nyingi msikitini kwamba mwenye kupanda, kisha ndege au mtu au mnyama akala, huandikiwa sadaka. Basi mwenye kugawa mbegu ameigawa sadaka hiyo kabla haijaota.

Nilipoaga, mama alinikunjia mbegu za Moneymaker katika gazeti. Akaniusia: nichague tunda la mche usiougua, nilikamulie kikombeni, niliache siku mbili tatu mpaka lichachuke, nioshe, nianike kivulini. Na nisipande palipokuwa na biringani wala pilipili, kwa kuwa maradhi yao ni ya ukoo mmoja. Gazeti lile nimelitia mfukoni mpaka Mombasa, na kitalu nimekwisha kukilainisha nyuma ya nyumba. Jirani yangu keshaniuliza kama zitabaki za kwake.