Kipaji bila mshauri wa masomo ni hatari kwa kijana

Dikembe Mutombo hakuenda Marekani kutafuta mpira. Aliondoka Kinshasa mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, akitaka kuwa daktari. Ni katika chuo kikuu cha Georgetown, mjini Washington, ambako kocha John Thompson alimuingiza katika timu ya mpira wa kikapu. Mwaka 1991 alimaliza na shahada ya isimu na diplomasia, ndipo akaingia NBA.

Wakongomani wengi wanakumbuka kidole alichotikisa kila alipozuia mpira. Wachache wanajua kwamba timu ya Thompson ilikuwa na Mary Fenlon, mwalimu aliyewahi kuwa mtawa. Kazi yake ilikuwa kufuatilia masomo ya wachezaji, na siku ya mechi alikaa kwenye benchi pamoja na makocha. Thompson naye aliweka mezani mpira uliotolewa hewa, ili kila mchezaji ajiulize atakuwa nani siku mpira utakapokwisha.

Swali hilo lina uzito hata leo. Vyuo vilivyo chini ya NCAA vina wanamichezo zaidi ya 500,000, na wasiofika asilimia 2 ndio wanaoendelea kucheza kwa kulipwa. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, aliingia NBA mwaka 2021 bila kupitia chuo. Njia yake ni nyembamba sana, na mzazi asiifanye kipimo kwa mtoto wake. Wengine wote watahitaji diploma.

Ndiyo maana kazi ya Fenlon imekuwa taaluma kamili. Mshauri wa wanamichezo hupanga masomo pamoja na mwanafunzi, humtafutia wa kumsaidia katika hesabu au Kiingereza, huzungumza na maprofesa timu inaposafiri, na humsikiliza aliyeumia goti au anayekumbuka nyumbani.

Kwa kijana mgeni, kazi hiyo inagusa hata karatasi zake. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alitajwa mchezaji bora wa vyuo mwaka 2022, akiwa Kentucky. Wakati huo wanafunzi walikuwa wameruhusiwa kupata pesa kwa kutumia jina lao, lakini viza ya mwanafunzi ilimzuia kufanya kazi hiyo katika ardhi ya Marekani. Ilibidi aifanye timu iliposafiri Bahamas. Asiye na wa kumuongoza anaweza kutia sahihi mkataba mmoja akapoteza viza.

Lakini kazi hii ina upande wa giza. Mwaka 2014, uchunguzi katika chuo kikuu cha North Carolina ulionyesha kwamba kwa miaka 18 wanafunzi zaidi ya 3,100 walipewa alama katika masomo yasiyo na mafundisho ya kweli. Karibu nusu yao walikuwa wanamichezo, na baadhi ya washauri ndio waliowaelekeza huko ili waendelee kucheza. Mshauri wa namna hiyo anamwibia mtoto huku akimchekea. Kwa hiyo mshauri asiwe chini ya kocha wala chini ya idara ya michezo. Awajibike kwa wakuu wa masomo. Anayeogopa kufukuzwa na kocha hawezi kumwambia kocha kwamba leo mtoto huyu haendi mazoezini, ana mtihani.

Wazazi wa Goma, Bukavu na Lubumbashi nao wana jukumu. Anapokuja mtu kumchukua kijana mrefu, wasiulize tu kuhusu viatu na tiketi ya ndege. Waulize ni nani atakayefuatilia masomo yake, na wachezaji wangapi wa timu hiyo wamemaliza na diploma.

Na vijana Wakongomani wanaosoma huko bila kucheza wasiidharau kazi hii. Wengi huianza wakiwa bado wanafunzi, kwa kuwasaidia wenzao katika masomo, kisha hutafuta shahada ya pili katika elimu au ushauri nasaha. Anayejua Kifaransa na Kiswahili, na anayejua baridi ya mwaka wa kwanza mbali na mama, ana kitu ambacho kocha hana. Mtoto wa Kivu akimkuta mtu kama huyo ofisini, hatapotea kirahisi.