Bahasha Kuukuu Zisiuzwe kwa Walanguzi

Stempu walizozitumia Wajerumani nchini mwetu kuanzia mwaka 1901 zilikuwa na picha ya Hohenzollern, meli ya anasa ya Mfalme wao. Picha hiyo hiyo ilibandikwa kwenye barua za Kameruni, Togo na Samoa. Kilichobadilika ni jina la koloni na thamani ya fedha tu. Mwananchi akiiona leo na kuitupa, hatuwezi kumlaumu sana.

Lakini ndugu wasomaji, tunawaomba watazame wino mweusi uliogongwa juu ya meli hiyo. Muhuri wa posta una jina la mahali na tarehe. Humo tunaikuta Lushoto ikiitwa Wilhelmsthal, Kasanga ikiitwa Bismarckburg, na Tukuyu ikiitwa Neu-Langenburg. Huo ni ushahidi wa mkoloni aliyejipa haki ya kubatiza hata vilima vya watu. Ni ushahidi pia wa jasho, kwa maana kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mifuko ya barua za bara ilibebwa na matarishi kwa miguu. Muhuri wa Udjidji, kama walivyoiandika wao, ni safari ya mtu ambaye jina lake halimo popote kwenye bahasha.

Mihuri ya Dar es Salaam imejaa tele. Ile ya vituo vidogo, vilivyopitisha barua chache, ni adimu, na wakusanyaji wa Ulaya huinunua kwa fedha nyingi. Walanguzi wanalijua hilo. Mwenye bahasha halijui, naye huibandua stempu kwa maji ya moto, akaukata muhuri nusu, kisha akaichoma barua yenyewe. Pengine barua hiyo ni ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ambayo sisi tuliopitia chuoni tungeisoma bila taabu!

Wapo watakaosema kwamba tunatukuza ukoloni. Hatukubali. Nyaraka za Taifa zinahifadhi majalada ya utawala wa Wajerumani, na hakuna anayedai yachomwe.

Tunashauri maafisa utamaduni wa wilaya wawatembelee wazee, wazipige picha bahasha hizo zikiwa nzima, na anayetaka kuuza alipwe bei ya haki na serikali. Waanzie Lushoto na Tukuyu, ambako unyevu na mchwa havingoji vikao.