Muuguzi Mpya Asiachiwe Mashine Peke Yake

Kila mwaka vyuo vya uuguzi nchini hutoa vijana waliofaulu mitihani na kupata leseni ya Baraza la Wauguzi. Miongoni mwao wamo wanaotamani kuanza kazi moja kwa moja katika vitengo vya kusafishia damu wagonjwa wa figo. Wako wakuu wa hospitali wanaowakataa papo hapo, wakishikilia kwamba sharti mtu ahudumu kwanza miaka miwili katika wodi za kawaida. Wako pia wanaowapokea kwa mikono miwili, kisha baada ya majuma machache wakawaachia mashine na wagonjwa. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimekosea.

Haja ya wauguzi hawa haina ubishi. Serikali ilipoanzisha mwaka 2015 mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa ajili ya hospitali za kaunti, mashine za kusafisha damu zilifika katika miji ambayo zamani wagonjwa wake walilazimika kusafiri mbali. Lakini mashine haijiendeshi. Baadhi ya vifaa vya mpango huo vilikaa bure kwa kukosa maji, umeme au wahudumu waliofunzwa. Nchi yenye upungufu kama huo haiwezi kumfungia mlango kijana mwenye ari eti kwa sababu ni mgeni kazini.

Hata hivyo, kazi yenyewe si ya kubahatisha. Mgonjwa hukaa kwenye mashine kwa saa nne hivi, mara mbili au tatu kwa juma. Muuguzi ndiye ampimaye uzito ili ijulikane ni maji kiasi gani yatolewe mwilini. Ndiye aupapasaye mshipa uliounganishwa kwa upasuaji mkononi ili kuhakikisha damu ingali inapita vyema, na ndiye achomaye sindano mbili nene. Maji yakitolewa kwa kasi mno, shinikizo la damu hushuka ghafla na mgonjwa huweza kuzirai. Sindano ikichomoka chini ya blanketi bila mtu kuona, damu nyingi hupotea kwa dakika chache.

Maji nayo yana hatari yake. Katika kikao kimoja, maji yapatayo lita 120 hupita karibu na damu ya mgonjwa, yakitenganishwa nayo na utando mwembamba tu. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, wagonjwa wapatao 50 walifariki baada ya kusafishwa damu kwa maji yaliyokuwa na sumu itokanayo na mwani. Muuguzi asiyeelezwa kwa nini maji hupimwa kabla ya kazi kuanza ataliona zoezi hilo kuwa usumbufu, na siku ya haraka ataliruka.

Je, miaka miwili ya wodi ndiyo dawa? Wodi humfunza kijana kumtambua mgonjwa anayezidiwa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini haimfunzi kuuchoma mshipa ule wala kuelewa mlio wa king'ora cha mashine. Hayo hufunzwa katika kitengo chenyewe, kando ya mwenye ujuzi.

Kwa hivyo twapendekeza kwamba kila hospitali inayomwajiri mhitimu katika kitengo hicho impe mkufunzi mmoja anayejulikana, na kwa miezi kadhaa isimhesabu katika idadi ya wauguzi wa zamu. Aanzie kwa wagonjwa ambao hali yao ni imara, na kila hatua anayoimudu itiwe sahihi na aliyemshuhudia akiitenda. Akiisha kukomaa, apewe ruhusa ya kusomea stashahada ya juu ya uuguzi wa figo, ambayo hutolewa na Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC. Wanaolalamika kwamba mpango huu ni wa gharama wakumbuke gharama ya uhai uliopotea.

Walimu nao wana jukumu. Somo la figo lisiishie katika michoro ya ubaoni. Wanafunzi wapelekwe kukaa na wagonjwa hawa, ambao wengi wao huijua mashine hiyo kwa miaka ya kuitegemea.

Nawe mwanafunzi, utakapoitwa kwenye mahojiano ya kazi, usiulize mshahara tu. Uliza ni nani atakayekufunza, kwa muda gani, na utahudumia wagonjwa wangapi kwa wakati mmoja. Ukikosa jibu la kuridhisha, fikiri mara mbili. Na ukishaajiriwa, usione haya kusema hujui, kwa maana kujifanya mjuzi mbele ya mashine hiyo ni kuchezea roho ya mtu.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Vijana wapo tayari. Hospitali ziwape wa kuwafunza.